Spika za Ghali na Amplifaya ya Kale: Je, Ni Kufu?

Kabla ya posa kupokelewa, wazee wetu wa pwani huuliza suali moja ambalo vijana wa leo hulichekea: je, hawa ni kufu? Wala hawaulizi kwa kiburi, kama wadhanivyo wengi. Kufu, kama tulivyofunzwa na maalim zetu, ni kulingana. Ni wawili waelekeane, asije mmoja akamlemea mwenziwe, nyumba ikavunjika ingali na harufu ya udi wa harusi.

Suali hilo hilo, msomaji mpenzi, ndilo linalopasa kuulizwa na kila mwenye amplifaya ya zamani nyumbani kwake, iwe ya marehemu baba au ya kununuliwa mnadani, anapotia nia ya kuiunga na spika mpya za thamani kubwa. Siku hizi jambo hili limekuwa la kawaida. Vijana wetu walioko Dubai, Maskati na Ulaya wanaporudi likizo huja na spika nzuri, ndefu, mbao zake zinang'aa kama jahazi jipya. Huku nyumbani, mzee bado ana chombo chake cha miaka ya 60 au 70, na hataki kuachana nacho. Basi viwili hivyo hufungishwa ndoa siku moja, bila mshenga wala wakili. Yafuatayo ni yale niliyoyaona nyumbani kwetu, na yale niliyofunzwa kwayo.

SAUTI YA MAMA

Ilikuwa Mfunguo Sita, mwezi wa maulidi. Mwana wa dada yangu aliwasili kutoka Dubai na spika mbili zenye urefu wa kufika kifuani. Bei yake sitaitaja, kwani dada yangu alipoisikia alikaa kitako. Nyumbani tuna amplifaya ya Kiingereza ya vali, vile vichupa vya kioo vinavyowaka kama taa, ambayo marehemu baba aliinunua mwaka 1963 kwa Mwingereza mmoja aliyekuwa akiuza vyombo vyake arudi kwao. Nguvu yake ni wati 12 kila upande.

Na tuna kaseti moja. Mwaka 1984, katika maulidi ya wanawake nyumbani kwetu, marehemu mama alisoma qasida, na mmoja wa shangazi zetu akamrekodi. Kaseti hiyo haitoki nje ya mlango wetu, wala haisikizwi ila na watu wa nyumbani. Mama alisoma chuoni kwa babake, na matamshi yake ya Kiarabu yalikuwa safi. Dada yangu, ambaye ndiye mkubwa wetu, alikuwa akitamani kwa miaka mingi aisikie sauti ile tena kama ilivyokuwa, si kwa kile kiredio kidogo chenye kukwaruza.

Kijana akaunga nyaya. Tukakaa. Mama akaanza kusoma, na dada yangu akakunja uso. Sauti ilikuwa nene chini na kavu juu, kama mtu asemaye ameweka kitambaa kinywani. Kijana akapandisha sauti, ikaanza kupasuka.

"Huyu si mama," akasema dada. "Sad yake na sin yake zimekuwa kitu kimoja. Mama hakuwa akisoma hivyo."

Waliopita chuoni watamfahamu. Sad ni nzito, hujaza kinywa. Sin ni nyepesi, hupita ulimini. Aliyezoea kuzipambanua akiwa mtoto, huku bakora ya maalim ikimwangalia, hawezi kudanganywa na chombo.

"Mjomba," akaniambia kijana, "si spika hizi. Ni hicho kikale. Tukitupe, ninunue kipya."

Sikumjibu. Nilikwenda zangu Mji wa Kale kumtafuta fundi.

OMU NI NINI?

Fundi wetu ni mzee aliyeanza kazi wakati redio zote zilikuwa za vali. Alipoingia sebuleni hakugusa kitu. Aliuliza mambo mawili tu: "Spika hizi zina omu ngapi? Na hiyo amplifaya nyuma imefungwa kwenye omu ngapi?"

Hakuna aliyejua. Na hapa, nduguzangu, ndipo wengi wetu tunapopotea. Tunauliza wati, tunauliza bei, tunauliza nchi ilikotoka. Omu hatuulizi.

Omu ni kipimo cha jinsi spika inavyouzuia umeme unaotoka kwenye amplifaya. Mfano wake ni mfereji na tangi la darini. Ukiufungua mfereji kidogo, maji hutoka kwa kiasi, na tangi hukaa siku nyingi. Ukiufungua wote, maji hutoka kwa nguvu, na tangi dogo huisha upesi. Spika ya omu 16 ni mfereji uliofunguliwa kidogo. Spika ya omu 4 ni mfereji uliofunguliwa sana. Kwa hivyo hesabu iko kinyume na inavyodhaniwa: omu zikiwa chache, mzigo wa amplifaya huwa mkubwa.

Tena namba iliyoandikwa nyuma ya spika si ya kushika kama shahada. Ni ya wastani tu. Omu za spika hupanda na kushuka kwa kufuata sauti inayopita, nzito au nyembamba. Spika iliyoandikwa omu 4 huweza kushuka hadi 3 na chini yake mahali fulani, na papo hapo ndipo amplifaya dhaifu hushindwa. Spika nyingi za thamani zilizotengenezwa miaka hii ni za namna hiyo, kwa sababu watengenezaji wake hutaraji zitaungwa na amplifaya za transista zenye nguvu kubwa. Hawakumfikiria marehemu baba.

Amplifaya za vali zina kitu ambacho nyingi za transista hazina, nacho ni transfoma ya kutolea sauti. Transfoma hiyo ni kama gia za baiskeli: humwezesha mpandaji mmoja kwenda na njia tambarare au mlima, mradi achague gia ipasayo. Ndiyo sababu nyuma ya amplifaya nyingi za wakati ule mna mahali pa kuchagulia: omu 4, omu 8, omu 15 au 16. Spika za baba zilikuwa za omu 16, na hapo ndipo chombo kilipofungwa tangu 1963. Sisi tulikipa spika za omu 4 katika gia ya omu 16. Vali zilikuwa zikipanda mlima wa Makupa kwa gia ya kukimbilia. Nguvu yake ilipungua na sauti ikaharibika, nasi tukakilaumu chombo kwa kosa letu.

WATI SI KIPIMO CHA SAUTI

Suali la pili la fundi lilikuwa la wepesi wa spika, yaani inatoa sauti kiasi gani ikipewa umeme kidogo. Hupimwa kwa desibeli, kwa wati 1, mtu akiwa umbali wa mita 1. Spika moja hutoa 82, nyingine 90, nyingine hupita 100. Namba hizo huonekana jirani, lakini hazina ujirani wowote. Kila ukitaka kuongeza desibeli 3, lazima uzidishe wati mara mbili. Ukitaka kuongeza desibeli 10, ambazo sikio huziona kama sauti iliyozidi mara mbili, lazima uzidishe wati mara 10.

Fanya hesabu uone. Aliyeacha amplifaya ya wati 30 akanunua ya wati 60 amepata desibeli 3 tu, ziada ambayo watu sebuleni wataisikia kwa shida. Lakini aliyeacha spika ya desibeli 85 akachukua ya 95 amefanya kama kwamba amplifaya yake imekua mara 10, na hakununua amplifaya.

Na hapa mna mtego. Watengenezaji wengi hawapimi kwa wati 1, bali kwa volti 2.83. Katika spika ya omu 8, volti hizo ni sawa na wati 1. Katika spika ya omu 4, ni wati 2. Kwa hivyo spika za kijana wetu zilizoandikwa desibeli 87, ukizipima kwa wati 1 ya haki, ni 84. Fundi alipomweleza hivyo, kijana alitoa kile kijitabu chake akakisoma upya, taratibu, mara hii kwa makini.

Mtego mwingine ni wa wati zenyewe. Zamani baadhi ya viwanda viliandika wati za muziki, wati za nukta moja, na namba nyingi za kupamba sanduku. Mwaka 1974 serikali ya Marekani ilitoa kanuni kwamba mwenye kutangaza amplifaya ya nyumbani lazima ataje nguvu ya kudumu, si ya kupitia tu. Tangu hapo viwanda vya Japani vilivyouza huko vikashindana kwa namba za haki. Pioneer SX-1250 ya mwaka 1976, mathalan, ilitoa wati 160 kila upande, na mpaka leo wako waishikao kama lulu. Kwa hivyo ukiona chombo cha kabla ya wakati huo kimeandikwa wati nyingi na uzito wake ni wa kubebwa kwa mkono mmoja, shuku.

WALIOZALIWA NYUMBA MOJA

Wenyewe waliobuni vyombo hivi walijua habari ya kufu. Uingereza palikuwa na bwana aitwaye Peter Walker, aliyeanzisha kampuni yake mwaka 1936, na baadaye akaihamishia mji wa Huntingdon. Mwaka 1953 alitoa amplifaya ya vali, Quad II, ya wati 15. Mwaka 1957 akatoa spika ya ajabu isiyo na koni ya karatasi. Ndani yake mna ngozi nyembamba mno ya plastiki inayotikiswa kwa umeme wa volti maelfu. Wawili hao walizaliwa nyumba moja, na wapenzi wa sauti wangali wakiwaoanisha hadi leo.

Lakini mwaka 1975 nyumba hiyo hiyo ilipotoa amplifaya ya transista ya wati 100, Quad 405, ilibidi itiwe kizuizi kwa aliyetaka kuitumia na spika ile ya zamani, kwani nguvu nyingi ingeiunguza. Basi haikuwa kwamba mpya ni bora kuliko kikongwe. Spika ilikuwa haiwezi kubeba mume wa wati 100.

Marekani, katika jimbo la Arkansas, Paul Klipsch alianza mwaka 1946 kuuza spika kubwa ya pembe ya kukaa kwenye kona ya chumba, Klipschorn. Kwa wati 1 hutoa desibeli zaidi ya 100. Spika hiyo, kwa amplifaya ndogo ya vali ya wati 8, hujaza nyumba mpaka jirani akabisha hodi.

Kwa upande wa pili, katika miaka ya 70 wahandisi wa BBC walibuni kijisanduku chenye kimo cha sentimita 30 hivi, LS3/5A, kiwafae mafundi wao ndani ya magari ya kurushia matangazo, wapate kuhakiki sauti ya msemaji. Kijisanduku hicho ni kizito wa kusema, desibeli 82 au 83 tu, wala hakipendi makelele. Lakini kina omu 15, mzigo mwepesi, na hicho cha kwanza kilikuwa rafiki mkubwa wa amplifaya za vali. Sauti ya binadamu hukitoka kama mtu yuko chumbani. Hata leo wako wanaokitengeneza, na bei yake si ya mchezo.

Hao ni wawili wasiofanana hata kidogo, na kila mmoja ana kufu yake.

MAKOSA YANGU MWENYEWE

Nisijifanye mwanachuoni. Miaka iliyopita nilikuwa na amplifaya nzuri ya Kijapani ya transista. Siku ya harusi ya jamaa, nikaona spika mbili hazitoshi, nikaunga jozi mbili, zote za omu 4, na kile kiswichi cha A na B nikakiweka pote pawili. Sikujua kwamba jozi mbili zikiungwa hivyo omu hugawanyika, zikawa 2. Nyuma ya chombo iliandikwa wazi kwamba ukitumia A na B pamoja, kila spika isipungue omu 8. Nilikuwa nimekinunua kwa miaka sita, sijapata kuligeuza na kusoma. Kabla ya bibi harusi kutolewa nje, moshi ulikuwa umetangulia.

Kadhalika tahadharini na vyombo vilivyoletwa na mahujaji na mabaharia wa zamani. Saudia zamani nyumba nyingi zilitumia umeme wa volti 110 au 127, Japani ni 100, na huku kwetu ni 240. Vyombo vingine vina kiswichi cha volti nyuma. Kitazame kabla ya kuchomeka waya, si baada yake.

Na amplifaya iliyokaa miaka bila kuwashwa usiiwashe kwa ghafula. Kapasita zake hukauka na kudhoofu kwa umri, na hewa yetu ya chumvi hula viswichi na vizungusho. Ikiwa ni ya transista, ikiharibika huweza kutoa umeme mfululizo ukaiunguza koili ya spika kwa dakika moja, na spika ya maelfu ya shilingi ikafa kwa kapasita ya shilingi mia. Ikiwa ni ya vali, ndani mna volti mia tatu na zaidi, ambazo hubakia hata waya ukichomolewa. Si mahali pa kutia mkono asiyejua. Tena ya vali isichezwe kamwe bila spika kuungwa, kwani transfoma yake huweza kuungua. Ya transista nayo, nyaya zake za spika zisigusane. Kila mmoja ana mwiko wake.

NDOA YA MASHARTI

Fundi alikichukua chombo cha baba kwa siku tisa. Alibadili kapasita zilizochoka, akapima vali moja moja, akasafisha viswichi, kisha akakiwasha kidogo kidogo kupitia taa ya kuzuia umeme, kama mgonjwa anayefundishwa kutembea. Aliporudi alikifunga kwenye omu 4.

"Sikilizeni," akasema. "Hizi spika si kufu yake hasa. Kama mwanangu angeniuliza kabla hajanunua, ningemwambia kwa pesa hizo hizo atafute za omu 8 au 16, desibeli 92 na kuendelea. Lakini zishakuja. Sasa hii ni ndoa ya masharti. Chumba ni kidogo, kuta ni za mawe, nanyi mwataka sauti ya mtu. Mtu akisema kwa kawaida, umbali wa mita 1, hazipiti sana desibeli 60. Wati 12 hapo ni nyingi. Msivuke nusu ya kile kizungusho. Na mwanangu, ngoma zako za Dubai tafutia chombo kingine."

"Na tukivuka, babu?" kijana akauliza.

"Amplifaya ndogo ikilazimishwa hukata vichwa vya mawimbi ya sauti. Ule mkato huwa moto, na moto huenda kwenye spika ndogo ya juu. Watu wengi huunguza spika kwa amplifaya ndogo iliyokazwa, wakidhani ndogo haidhuru."

Kulijaribu, mimi nilitaka tuweke kanda ya Sheikh Abdul Basit, kwani hakuna kisomo kinachofichua aibu ya spika kama chake. Dada alikataa. Aya, alisema, haikatwi katikati kwa sababu ya kujaribia vyombo. Basi fundi akaaga, tukafunga mlango, tukaiweka kaseti ya mama.

Kanda ni ya mwaka 1984, na ilirekodiwa kwa kijimashine kidogo. Mvumo wake ulikuwapo, na mtoto mmoja analia kwa mbali mle ndani. Hakuna spika duniani itakayoliondoa hilo. Lakini mama alipofika kwenye ubeti wa pili, sad ilitoka nzito, imejaa kinywa, na sin ikafuata, nyepesi. Dada yangu alikuwa amefumba macho. Hakusema neno mpaka upande wa kwanza ulipokwisha.

"Geuzeni," akasema. "Na mtoto huyo anayelia ni wewe," akamwambia mwanawe.

Kijana alikuwa hajapata kuambiwa hivyo. Hakutaja tena habari ya kutupa kikale. Kabla ya kurudi Dubai alitafuta amplifaya ya transista ya wati 100 inayomudu omu 4 bila ya kutokwa jasho, kwa ajili ya muziki wake, na ile ya vali ikabakishiwa qasida na udi baada ya Isha.

Alhasili, msomaji, usikitupe cha kale kwa kuwa ni cha kale, wala usikinunue cha ghali kwa kuwa ni cha ghali. Kabla ya kutoa pesa uliza mambo matatu: omu zake na zinashuka hadi wapi, desibeli zake kwa wati 1 ya haki, na ukubwa wa chumba chako. Kisha umpelekee fundi ajuaye. Nami namalizia kwa ubeti wangu huu:

Bei haileti hali, ya sauti kulingana,
Hata viwe ni vya ghali, kama havikuoana,
Uliza kwanza suali, omu zao na namna,
Kufu si wingi wa mali, kufu ni kusikizana.